Hadithi Isiyonyooka: Somo Kuhusu Usimulizi wa Filamu Huru

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Leo nimekuja na somo. Usishtuke, halina alama wala halitasahihishwa kwa kalamu nyekundu. Ni somo kuhusu filamu, hasa zile filamu ambazo kisa chake hakitaki kwenda moja kwa moja, na sababu inayowafanya watu wenye akili zao timamu wakae gizani kuzitazama mpaka mwisho.

Nimeichagua mada hii kwa sababu mbili. Kwanza, darasani tunakariri mbinu za uandishi: taharuki, jazanda, kinaya, mbinu rejeshi na nyinginezo. Tunazikariri ili tujibu swali la fasihi, halafu tunafunga kitabu. Wachache wetu hukumbuka kwamba mbinu hizo hizo ndizo zinazotufanya tushike pumzi mbele ya runinga. Pili, chama chetu kinajiandaa kutengeneza filamu fupi kwa ajili ya tamasha za drama na filamu, na kuna mvutano kuhusu filamu hiyo isimuliweje. Nitaufikia mvutano huo baadaye. Chanda chema huvikwa pete, lakini kwanza tumtafute sonara.

FILAMU HURU NI NINI?

Filamu huru ni ile inayotengenezwa nje ya kampuni kubwa za filamu, zile zenye studio, mitambo na mikono mirefu. Kampuni kubwa ikitia mamilioni ya dola katika filamu moja, inataka pesa zake zirudi zikiwa zimezaa. Kwa hivyo inaogopa kumkanganya mtazamaji. Inataka mtu aliyenunua bisi na soda aelewe kila kitu hata akitoka nje mara mbili.

Mtengenezaji wa filamu huru kwa kawaida hana pesa nyingi, lakini pia hana mtu wa kumgongea mlango na kumwambia, "Badilisha mwisho, watu hawataupenda." Umaskini wake unampa ruhusa ambayo tajiri hana. Chukua mfano wa Christopher Nolan, mzaliwa wa London, ambaye leo anajulikana kwa filamu za gharama kubwa mno. Filamu yake ndefu ya kwanza, Following, ilitoka mwaka 1998. Aliipiga wikendi baada ya wikendi kwa muda wa karibu mwaka mzima, kwa sababu waigizaji na wasaidizi wake walikuwa na kazi zao siku nyingine za juma. Mkanda wa kamera ulikuwa ghali, basi walifanya mazoezi mengi ili kila onyesho lipigwe mara moja au mbili tu. Hata hivyo, kisa chenyewe kimekatwakatwa na kupangwa upya, mbele kikawa nyuma na nyuma kikawa katikati. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakukuwa na wa kumzuia.

NJIA ILIYOZOELEKA

Ili tujue kilichopinda, sharti kwanza tujue kilichonyooka. Usimulizi uliozoeleka una mwanzo, tatizo, kilele na suluhisho. Tunajulishwa wahusika, mmoja anapatwa na shida, shida inakua mpaka inatisha, kisha inatatuliwa. Mwema analipwa wema, mbaya anajuta.

Filamu nyingi za shule zinafuata njia hii, na tena kwa unyayo ule ule. Kuna mwanafunzi mwadilifu. Anapata rafiki mbaya. Rafiki anamtia katika mihadarati. Mwadilifu anaanguka mtihani, anapelekwa hospitalini, na mwishowe mzee mmoja anasimama kutoa mawaidha huku kamera ikimkaribia taratibu. Sare zinabadilika na jina la shule linabadilika, lakini nyani ni wale wale, msitu tu ndio mpya.

Sisemi kwamba njia iliyonyooka ni mbaya, la hasha! Ni kama barabara ya lami. Inakufikisha mbali na kwa haraka. Lakini sisi wanafunzi wa kutwa tunajua vizuri kwamba lami huishia sokoni. Ukitaka kufika nyumbani kwa mtu, unashuka, unakunja suruali, unashika kijia kinachozunguka shamba la huyu na kuvuka kijito cha yule. Kijia hakipindi kwa ukaidi. Kinapinda kwa sababu nyumba iko huko.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Usimulizi usio wa kawaida una thamani pale ambapo kisa chenyewe kinakaa mahali ambapo lami haifiki. Nami napendekeza kipimo rahisi: chukua kisa hicho, kinyooshe akilini mwako, kisha ujiulize ni kitu gani kimepotea. Ikiwa hakuna kilichopotea, basi msanii alikuwa anajigamba tu. Ikiwa moyo wa kisa umepotea, basi ule mpindo ndio uliokuwa njia. Tujaribu kipimo hiki kwa filamu nne.

1. WAKATI UNAOKWENDA KINYUMENYUME: MEMENTO

Filamu hii ya Nolan ilitoka mwaka 2000. Mhusika mkuu, Leonard, aliumia kichwa na sasa hawezi kuhifadhi kumbukumbu mpya. Anazungumza na mtu, na baada ya dakika chache hamjui tena. Anataka kumsaka mtu anayeamini kuwa alimuua mkewe. Kwa kuwa hawezi kukumbuka, anapiga picha, anaandika vikaratasi, na yale ya muhimu zaidi anajichanja chale za wino mwilini.

Sasa tazama ufundi. Maonyesho ya rangi yamepangwa kinyumenyume: tunaona tukio la mwisho kwanza, halafu lililolitangulia, halafu lililotangulia hilo. Katikati yake yametiwa maonyesho ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo yanakwenda mbele kama kawaida. Mwishoni mikondo hii miwili inakutana kama mito.

Darasani tulifundishwa kwamba mbinu rejeshi hutumika mhusika anapokumbuka yaliyopita. Kinaya kilichoko hapa ni kwamba filamu karibu yote ni rejeshi, ilhali mhusika ndiye asiyekumbuka chochote! Je, tukiinyoosha nini kinapotea? Tutakuwa tunajua mengi kuliko Leonard. Tutamwonea huruma kutoka mbali, kama unavyomwonea huruma mgonjwa ukiwa dirishani. Lakini ikiachwa ilivyo, kila onyesho likianza hatujui kilichotangulia, sawasawa na yeye asivyojua. Tunaugua pamoja naye. Tunamwamini mtu, kisha tunagundua kwa kuchelewa kwamba hakustahili kuaminiwa.

2. PICHA ZISIZOTEMBEA: LA JETÉE

Hii ni filamu ya Ufaransa ya mwaka 1962, ya msanii Chris Marker. Ina dakika 28 tu. Jambo la kushangaza ni kwamba karibu filamu nzima ni picha za kawaida, zile za kutulia, zikipokezana moja baada ya nyingine huku sauti ya msimulizi mmoja ikieleza kisa. Ni kama mtu anakuonyesha albamu ya picha huku akinong'ona.

Kisa ni cha mtu ambaye tangu utotoni amesumbuliwa na picha moja akilini mwake: uso wa mwanamke aliouona katika uwanja wa ndege wa Orly, mjini Paris, siku ambayo mtu fulani alikufa pale pale. Baadaye inazuka vita ya tatu ya dunia, na waliosalia wanaishi katika mahandaki chini ya mji. Washindi wanamtumia mfungwa huyu katika majaribio ya kumrudisha mtu katika wakati uliopita. Wanamchagua yeye hasa kwa sababu ameishikilia sana picha ile.

Mara moja tu katika filamu nzima, picha inatembea. Yule mwanamke amelala. Tunaona picha zake nyingi zikifuatana, kisha ghafla anafumbua macho na kupepesa. Ni sekunde chache, basi. Binamu yangu anayesoma chuoni aliponionyesha filamu hii kwenye tarakilishi yake, alinyamaza makusudi asinidokezee. Niliruka kitini! Nimeona magari yakilipuka na majumba yakiporomoka katika filamu nyingine, nisishtuke hata kidogo. Nimeshtushwa na ukope.

Tufanye kipimo. Picha zote zikitembea, ule ukope unakuwa ukope tu kama kope nyingine. Tena kisa chenyewe ni cha kumbukumbu, na kumbukumbu nyingi hukaa kama picha: uso, mlango, mkono uliopunga. Marker hakuhitaji mamilioni ili kusema hayo. Sehemu kubwa ya kazi yake ilitaka kamera ya picha za kawaida na mtu mwenye sauti nzuri. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mwaka 1995, filamu hiyo ndogo ilizaa wazo la filamu kubwa ya Marekani, 12 Monkeys. Usidharau kijito, hujui kinamwaga wapi.

3. JAZANDA BADALA YA MAELEZO: TOUKI BOUKI

Sasa turudi nyumbani Afrika. Mwaka 1973 kijana mmoja wa Senegal aitwaye Djibril Diop Mambéty alitoa filamu Touki Bouki. Kwa lugha ya Kiwolof maana yake ni safari ya fisi. Mambéty alizaliwa mwaka 1945, kwa hivyo alikuwa hajafika hata miaka thelathini. Alitoka katika uigizaji wa jukwaani na hakuwa amesomea utengenezaji wa filamu chuoni.

Mory ni kijana aliyewahi kuchunga ng'ombe, na sasa anazunguka mjini Dakar kwa pikipiki aliyoifunga fuvu la ng'ombe lenye pembe. Anta ni mpenzi wake, mwanafunzi wa chuo kikuu. Ndoto yao ni kwenda Paris. Wanaiba na kudanganya ili wapate nauli ya meli. Ukikisimulia hivyo, ni kisa chepesi. Lakini Mambéty hakisimulii hivyo. Anaanza na mvulana aliyepanda ng'ombe akiongoza kundi kwa utulivu, kisha ghafla tumo machinjioni, damu inamwagika sakafuni. Hatuelezwi kwa nini. Katikati ya kisa anakatiza kwa picha za bahari na za mnyama anayechinjwa. Wimbo mmoja unaoisifu Paris unarudiwa na kurudiwa mpaka utamu wake unageuka kero. Hakuna mzee anayesimama kutoa mawaidha.

Meli ikiwa tayari kung'oa nanga, Anta yumo ndani, lakini Mory anashindwa kupanda. Anageuka na kukimbia kurudi mjini. Kwa nini? Hakuna anayetuambia kwa maneno. Lakini ukikumbuka wale ng'ombe wakiongozwa kwa kamba, unaanza kujijibu mwenyewe. Wahenga wetu nao walisema njia mbili zilimshinda fisi. Mambéty hakuwa Mswahili, lakini naona fisi wake na fisi wetu ni ndugu.

Ukitoa wale ng'ombe, wanabaki wezi wawili wanaotaka kusafiri. Jazanda ndiyo filamu. Na kwa wale wanaodhani haya ni mambo ya kale yaliyosahauliwa: mwaka 2018 Beyoncé na Jay-Z walipotangaza ziara yao ya muziki, walipigwa picha wakiwa juu ya pikipiki yenye fuvu na pembe, kama ile ya Mory. Waliozaliwa jana wakashangilia, bila kujua kwamba pikipiki ile ilitoka Dakar.

4. KUMNYIMA MTAZAMAJI HABARI: KATI KATI

Filamu ya nne ni yetu wenyewe Wakenya. Kati Kati ilielekezwa na Mbithi Masya, ambaye wengi walimjua kwanza kama mwanamuziki wa kundi la Just a Band. Ilitoka mwaka 2016, ina dakika kama 75 hivi, na mwaka huo huo ilipata tuzo ya wahakiki wa filamu wa kimataifa katika tamasha la Toronto, Kanada.

Ina historia ya kupendeza pia. Mmoja wa watu walioanzisha One Fine Day Films, iliyoitengeneza pamoja na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi, ni Mjerumani Tom Tykwer. Tykwer ndiye aliyetoa filamu Lola rennt mwaka 1998, kisa cha msichana mwenye dakika 20 za kutafuta mark 100,000 ili amwokoe mpenzi wake. Kisa hicho husimuliwa mara tatu, na kila mara jambo dogo likibadilika, mwisho nao unabadilika. Kwa hivyo si ajabu kwamba vijana waliopewa nafasi Nairobi hawakulazimishwa kunyoosha kila kitu.

Kati Kati inaanza na msichana, Kaleche, akizinduka nyikani peke yake, amevaa gauni la hospitali. Hajui jina la mahali, wala alifikaje, wala alikuwa nani. Anatembea mpaka anafika kwenye nyumba za wageni, na anakuta watu wanaoishi hapo, kiongozi wao akiwa Thoma. Huko anaambiwa habari nzito: amekufa. Wote hapo wamekufa. Hawawezi kuondoka mpaka kila mmoja apatane na yale aliyoyaacha duniani.

Mwalimu mlezi alipotuonyesha filamu hii katika maabara ya tarakilishi, mwenzangu mmoja alinung'unika, "Sasa mbona hawatuambii alikufaje? Si waseme tu!" Swali lake lilikuwa zuri. Jibu ni kwamba Kaleche mwenyewe haambiwi. Filamu ya kawaida ingeanza na ajali au ugonjwa, kilio na mazishi, halafu ndipo twende ahera. Tungeingia huko tukiwa na majibu yote mfukoni. Hapa tunaingia mikono mitupu, kama yeye. Taharuki haitoki kwenye swali la "nini kitatokea?" bali kwenye swali la "nini kilitokea, na ni nani aliyekifanya?" Sitakumalizia uhondo. Nasema tu kwamba jibu likija, linauma zaidi kwa sababu tumeshawapenda wahusika kabla ya kujua makosa yao. Tungeyajua makosa kwanza, tungewahukumu, tusiwapende kamwe.

JE, HUU NI UGENI?

Baadhi ya walimu na wenzangu husema kwamba kuvuruga hadithi ni tabia ya Wazungu na kwamba hadithi za Kiafrika zinanyooka. Kwa heshima zote, sikubaliani. Fikiria fanani wa ngano zetu. Anasema "Paukwa!" na hawezi kuendelea mpaka hadhira iitike "Pakawa!" Katikati ya kisa anasimama, anaimba, anamuuliza mtoto swali, anaiga sauti ya zimwi, anarudi nyuma kuongeza alichokisahau. Hadhira inafanya kazi naye. Katika vitabu, Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya fupi ambazo hazishiki njia ya kawaida hata kidogo, na zote ni za Kiswahili. Hata wasimulizi kama DJ Afro, wanaochukua filamu za nje na kutuelezea kwa Kiswahili na Sheng' huku wakitia utani wao, wanavuruga filamu ya mwenyewe, na hakuna anayelalamika.

Lakini mfano wangu mkubwa uko nyumbani kwetu. Nyanya yangu husimulia kifo cha babu, aliyekuwa dereva wa lori. Hajawahi kuanza mwanzoni. Kila mara huanza na kikombe. Anasema alimmiminia chai alfajiri, babu akasema ataikuta. Kutoka hapo anarukia mwaka walioupanda mparachichi ulioko nyuma ya jikoni. Kisha anataja wanaume watatu waliosimama langoni wakiwa wameshika kofia zao mikononi. Kisha anarudi kwenye kikombe, anasema chai ilikuwa imeshika utando. Neno "alikufa" sijawahi kulisikia kinywani mwake.

Ndipo nikaandika mswada wa filamu fupi kwa ajili ya chama chetu, nikaufuata mpango wake: kikombe, mparachichi, kofia, kikombe. Kamati ikaurudisha na maneno mawili pembeni: "Nyoosha hadithi." Walitaka nianze na harusi, kisha kazi ya lori, kisha ajali, kisha mawaidha kuhusu usalama barabarani. Wana hoja, na nawaheshimu. Waamuzi wa tamasha wana muda mfupi na filamu nyingi, na hadithi isiyoeleweka haipati alama. Tena usalama barabarani ni jambo la maana.

Hata hivyo, naomba nitumie kipimo kile kile. Nikiinyoosha, itakuwa hadithi ya ajali, na ajali tunazisikia kila siku redioni. Nikiiacha alivyoisema nyanya, ni hadithi ya mtu aliyebaki. Yeye hajavurugika akili. Anapita mbali na neno lile kwa sababu bado linachoma, kama unavyozunguka jiko lenye makaa usiku wa giza. Kunyoosha maneno yake ni kumlazimisha alikanyage.

KWA NINI BASI ZINAVUTIA?

Kutokana na mifano hii, naona mambo matatu. La kwanza, filamu za aina hii zinampa mtazamaji kazi. Kitu ulichokitolea jasho hukisahau kwa urahisi. Hata kwenye hisabati, swali ulilolikokotoa mwenyewe linakaa kichwani kuliko lile ulilonakili ubaoni.

La pili, zinafanana na maisha tunavyoyaishi. Hakuna mtu anayejulishwa wahusika wote siku ya kwanza. Tunazaliwa katikati ya kisa cha wengine. Wazazi wetu wana mambo waliyoyapitia ambayo tutayajua tukiwa wakubwa, vipande vipande, mengine matangani.

La tatu, zinatufunza subira ya kutomhukumu mtu mapema. Tunakaa na Kaleche kabla ya kumjua. Tunamfuata Mory bila kuambiwa tumpende au tumchukie. Nadhani hili ni funzo kubwa kuliko mawaidha ya yule mzee wa mwisho wa filamu.

TAHADHARI

Isije ikadhaniwa kwamba mtu akivuruga tu, amekuwa msanii. Kuna wanaochanganya maonyesho ili kuficha kwamba hawana kisa. Hicho si kijia, ni kupotea msituni. Mwenye kutaka kuvuruga hadithi ni lazima kwanza aweze kuisimulia ikiwa imenyooka, kama vile fundi asivyoweza kufumua saa ambayo hajui inavyofanya kazi. Mswada mzuri wa aina hii huandikwa mara mbili: mara ya kwanza kwa mpangilio wa matukio, mara ya pili kwa mpangilio wa moyo.

ZOEZI

Kwa wanachama wanaotaka kujaribu, hili hapa zoezi ambalo halihitaji pesa.

(a) Andika kisa cha kweli cha nyumbani kwenu kwa sentensi sita, kwa mpangilio wa matukio.

(b) Zikate sentensi hizo ziwe vikaratasi sita. Zipange upya ukianza na kile ambacho msimulizi wa kwenu huanza nacho.

(c) Msomee mwenzako mipango yote miwili. Usimuulize ni upi mzuri. Muulize, "Umemfikiria nani?" Majibu yakitofautiana, utakuwa umeona kwa macho yako kwamba mpangilio ni maana, si pambo.

(d) Kwa kundi: tafuteni picha ishirini za kutulia na msimulizi mmoja, kwa mfano wa La Jetée. Simu haziruhusiwi shuleni, lakini mwalimu mlezi akikubali kutupigia picha kwa simu yake, na sauti ikarekodiwa chumba cha maktaba saa ya mwisho, gharama itakuwa sufuri. Picha moja tu kati ya hizo ndiyo itembee. Kundi lenyewe liamue ni ipi, na liwe tayari kueleza sababu.

Jibu la kifungu cha (d) ndilo litakalotuonyesha kama tuko tayari kwa filamu ya tamasha. Nawaomba wanakamati, kabla ya kupiga kura muhula ujao, tufanye zoezi hili pamoja, sote, mimi nikiwemo. Tupige matoleo mawili ya kisa kimoja, lililonyooka na lililopinda, tuyaonyeshe kwa vidato vyote siku ya Ijumaa baada ya michezo, kisha tuwasikilize watazamaji. Wakisema lami inatosha, nitashika kamera na kupiga filamu ya lami kwa moyo mkunjufu. Wakisema wanataka kijia, basi tukunje suruali twende.